Baada ya Leza ya Retina: Madhara ya Kutarajia na Dalili za Hatari

Leza ya retina, yaani matibabu ya kuchoma kwa mwale wa mwanga utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hufanywa hasa ili uwezo wa kuona uliobaki usipotee, wala si ahadi ya kuona vizuri zaidi. Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa ya damu mipya na dhaifu imeota jichoni, daktari huchoma sehemu za pembeni za retina, mara nyingi kwa madoa zaidi ya elfu moja, ili mahitaji ya retina ya oksijeni yapungue na mishipa hiyo inyauke. Kwa hiyo kupungua kwa uoni wa pembeni na wa gizani ni gharama inayojulikana tangu mwanzo, na dereva anayezoea kwenda Gulu usiku anapaswa kuizungumzia na daktari kabla ya kutibiwa.

Siku yenyewe nenda na msindikizaji na miwani ya jua, kwa kuwa matone ya kupanua mboni huleta ukungu kwa saa kadhaa. Usiendeshe bodaboda, hata kama kwako ni jirani. Maumivu yakizidi, sema bila kusogeza jicho, kwani mwale ukigonga kitovu cha retina huacha doa la kudumu. Daktari anaweza kupunguza nguvu ya leza, kutia ganzi, au kuigawa kazi kwa siku tofauti.

Katika wiki zinazofuata, sehemu ya kati ya retina inaweza kuvimba na maandishi yakafifia. Ziba jicho moja, tazama nondo za dirisha kwa jicho jingine, kisha ubadilishe, maana jicho zima huficha udhaifu wa mwenzake. Nondo zilizonyooka zikionekana zimepinda, mwarifu daktari.

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona vidoa vyeusi vingi vya ghafla, vimulimuli au kivuli kama pazia, kwa sababu huenda damu imevuja au retina inabanduka. Jicho jekundu linalouma sana, pamoja na kutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa, huashiria presha ya jicho iliyopanda. Matone ya duka la dawa hayatibu hayo. Kituo cha afya kisichokuwa na mtaalamu kikuandikie rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali yenye daktari wa macho, kama Mulago jijini Kampala au Ruharo mjini Mbarara, nawe ubebe kadi inayoonyesha jicho lililochomwa na tarehe ya leza.