Kabla ya Kununua Kuku wa Kwanza: Ushauri kwa Mfugaji Anayeanza Mkoani Tabora

Katika vijiji vingi vya Urambo, Kaliua na Sikonge, fedha za tumbaku huingia mikononi wakati wa kiangazi, na baadhi ya wakulima huamua kuzielekeza kwenye kuku. Uamuzi huo ni mzuri, lakini wakati wake una hatari, kwa sababu ni katika miezi hiyohiyo ya ukavu, hasa kuanzia Julai hadi mvua zinapokaribia, ambapo mdondo hutembea kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Mtu hujenga banda, huenda mnadani, hununua kuku 30 kutoka kwa wauzaji 10 tofauti, na kabla ya mwezi kwisha hubaki na banda tupu. Kwa hiyo somo la kwanza kwa anayeanza ni ugonjwa huu. Banda na chakula vije baadaye.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, husababishwa na virusi na hauna tiba. Kuku huzubaa, hushusha mabawa, huharisha kijani, wengine hupinda shingo, na vifo hufuatana. Antibiotiki haziui virusi, kwa hiyo fedha inayotumika kuzinunua ugonjwa ukishaingia ni hasara juu ya hasara. Kinga iliyopo ni usafi na chanjo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za zamani, jambo lenye maana kubwa kwa kijiji kisicho na jokofu. Hata hivyo isiachwe juani. Izungushie kitambaa kibichi, iweke kikapuni, na uisafirishe asubuhi au jioni.

Uchanjaji wenyewe unahitaji utulivu. Subiri jioni kuku wakishaingia bandani. Mpakate kuku, mlaze kichwa upande, kisha shika chupa wima, mdomo ukitazama chini, ili tone litoke likiwa kamili, na udondoshe tone 1 katika jicho 1, awe kifaranga au jogoo. Usimwachie mpaka apepese na tone lizame. Ukimwachia mapema atatikisa kichwa, tone litaishia kwenye nguo yako, na daftari litaandikwa kwamba amechanjwa ilhali hana kinga. Rudia kila baada ya miezi 3 au 4. Wanaochanja Machi, Julai na Novemba huukuta msimu wa ugonjwa wakiwa tayari. Kumbuka pia kwamba kinga huchukua hadi wiki 2 kujengeka, na kwamba kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo.

Nasisitiza jambo hili kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kununua jogoo mnadani, mrefu na mwenye sauti, nikamfungulia kundini siku ileile. Baada ya siku chache alianza kuzubaa, na hatimaye nilizika karibu kundi zima. Tangu hapo kila kuku mgeni hukaa siku 14 mbali na wenzake, akiwa na chombo chake cha maji, na hulishwa mwisho. Vilevile, bei ya kuku ikishuka ghafla kiangazi, tambua kwamba huenda wauzaji wanawahi kuuza kabla kuku hawajafa.

Kwa kuanzia, mitetea 5 na jogoo 1 wanatosha. Jogoo mmoja humudu mitetea 10, lakini idadi ndogo humpa mfugaji nafasi ya kujua nani anataga na nani analea vizuri. Kuku wa asili wana faida moja ambayo chotara wengi, kama Kuroiler, hawana: hulalia na kulea wenyewe. Aina ya Kuchi, inayofahamika sana Tabora na Shinyanga, ina umbo kubwa linalopendwa sokoni, ila majogoo wake hupigana mno wakiwekwa pamoja.

Mayai ya kuatamiwa yachaguliwe: ya ukubwa wa wastani, yasiyo na ufa, na yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa. Yahifadhiwe mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini. Koo mmoja apewe mayai 10 hadi 13. Inafaa zaidi kulaza makoo 2 au 3 siku moja: koo wa kwanza akianza kulalia, mwekee mayai machache yaliyotiwa alama ya mkaa, kisha wengine wakiwa tayari, yatoe na uwape wote mayai mazuri usiku. Siku ya 7 yamulike kwa tochi gizani. Lenye mishipa kama mizizi lina uhai, lililo angavu litolewe. Vifaranga hutoka siku ya 21, na koo mmoja anaweza kulea wa wote.

Vifo vingi vya vifaranga hutokea mwezi wa kwanza, kutokana na baridi za usiku, mwewe na nguchiro. Watengee kinengunengu, yaani uzio mdogo wa kulelea vifaranga, chenye maranda makavu ya mbao na joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza. Wakirundikana wanasikia baridi. Wakihema midomo wazi, joto limezidi. Mkaa usitumike katika chumba kisicho na upenyo wa hewa. Walishe pumba iliyochanganywa na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, au mchwa, lakini mahindi na karanga zenye ukungu zisitumike kabisa, kwani sumukuvu huua kuku.

Mitetea waliozaliwa kwako wakikaribia kutaga, mbadilishe jogoo ili asipande binti zake. Badilishana na mfugaji wa kijiji kingine anayechanja, na huyo jogoo mpya naye akae pembeni siku zake 14.