Kusahausahau ukiwa kwenye dawa: tuanzie wapi?

Mama mmoja muuza vitumbua alikuja CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, na kopo lake la dawa, hesabu ikagoma: vidonge vilikuwa pungufu. Alikuwa akimeza, anasahau kama ameshameza, anameza tena. Miezi yote hiyo aliona aibu kusema.

VVU huingia kwenye ubongo mapema. Hata dawa zikivifubaza virusi, wapo wanaobaki na kusahau, fikra nzito au mikono mizito. Nikiwa nao nafuata mpangilio huu.

Hatua ya 1. Ondoa dharura. Kichwa kinachouma vibaya, homa, shingo kukakamaa, degedege au kuchanganyikiwa ghafla: hospitali, leo hii. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Hatua ya 2. Pima. Kipo kipimo kifupi cha mwaka 2005, kilichojaribiwa Uganda na Marekani. Namtajia mtu maneno manne, mbwa, kofia, maharage, nyekundu, naye ayarudie. Kisha, kwa mkono asiouzoea, agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka kwa sekunde 5. Halafu mezani: ngumi, kiganja, ubavu wa kiganja, ngumi tena, kwa sekunde 10. Mwisho namuuliza yale maneno. Alama ni 12. Akipata 10 kushuka chini, namwandikia aonane na daktari. Hapo hajaambiwa ana ugonjwa, anakwenda kuchunguzwa zaidi.

Hatua ya 3. Funga dawa kwenye jambo usiloliacha. Mama wa vitumbua humeza akishamimina kikaango cha kwanza. Akimaliza, analisimamisha kopo kichwa chini, kwenye rafu iliyo mbali na joto na watoto. Akipata wasiwasi saa nne asubuhi, anaangalia kopo tu. Usiku, kabla ya kulala, analigeuza tena. Kengele ya simu nayo inafaa, ila usiizime mpaka kidonge kiwe mdomoni. "Nitameza baadaye" ndiyo inayotuponza.

Hatua ya 4. Usingizi na mawazo. Wengine TLD, kile kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU, huwafukuzia usingizi. Muulize mtoa huduma kama unaweza kuhamia asubuhi. Pombe punguza, ukiweza acha. Na kama hata mambo uliyoyapenda hayakuvutii tena, sema wazi, maana sonona hujificha ndani ya usahaulifu, nayo ina tiba. Pima presha na sukari pia, huharibu mishipa ya ubongo kimyakimya.

Hatua ya 5. Tembea. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kukupandisha pumzi. Anza na 10 kwa siku. Bao, kwaya, kushika daftari la kikoba, vyote vinachangamsha akili. Vidonge vya "kuongeza kumbukumbu" vya mtaani mimi nisingevinunua, na mitishamba usianze bila kutuambia. Mingine hugombana na dawa.

Siku ya kliniki njoo na kopo, na karatasi yenye mambo matatu uliyosahau mwezi huo. Yaandike siku hiyohiyo, usije ukayasahau nayo.