Kuuza Pikipiki ya Safari Ndefu Iliyofungwa Vifaa vya Ziada

Mtu anayemiliki pikipiki kubwa ya safari, iwe Suzuki V-Strom, Honda Africa Twin, BMW GS au Royal Enfield Himalayan, ni nadra kuiacha kama ilivyotoka kiwandani. Huifunga vyuma vya kinga kwa ajili ya njia za changarawe, masanduku ya pembeni kwa ajili ya mizigo, taa za nyongeza kwa ajili ya giza la barabara ya Manyoni hadi Singida, na kioo kirefu cha mbele kwa ajili ya upepo. Siku ya kuiuza ikifika, hujumlisha gharama zote hizo juu ya bei ya pikipiki, kisha hushangaa miezi ikipita bila mnunuzi. Nimeuza pikipiki mbili za namna hii nikiwa Arusha. Ya kwanza niliiuza kwa shida na kwa bei isiyoniridhisha, na ya pili, V-Strom 650 ya mwaka 2012, niliiuza vizuri kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba mnunuzi anaweka thamani kwenye kile anachoweza kukielewa na kukiamini, na kwamba kila kifaa cha ziada ni swali ambalo muuzaji anapaswa kuwa na jibu lake.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga picha hata moja, shika daftari na uizunguke pikipiki yako ukiandika kila kitu ambacho haikuja nacho kutoka kiwandani: kilifungwa lini, nani alikifunga, risiti iko wapi, na kifaa cha asili kilichoondolewa kiko wapi. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Mnunuzi anayeonyeshwa ekzosi ya asili, kioo cha asili na sproketi za asili zikiwa zimehifadhiwa kwenye boksi hujua kwamba anaweza kuirudisha pikipiki ilivyokuwa endapo hatapenda mabadiliko yako, na hofu yake hupungua hapohapo. Kwa pikipiki hizi jambo hilo ni muhimu zaidi kuliko kwa zile za bodaboda, kwa sababu vipuri vyake havipatikani kila duka na vingi huagizwa kutoka nje, kwa gharama na kwa kusubiri.

Daftari likikamilika, amua juu ya kila kifaa peke yake. Vile ambavyo msafiri yeyote angevitaka, kama vyuma vya kinga, bamba la chini ya injini, stendi ya kati, kinga za mikono na keria ya masanduku, viache mahali pake, kwa kuwa kuviondoa kunaacha matundu na boliti tupu, na havimlazimishi mnunuzi kubadili chochote. Vile vinavyoweza kukaa kwenye pikipiki nyingine, kama mfuko wa juu ya tangi, kifaa cha ramani, hata masanduku ya alumini yenyewe, vina soko lao, na mara nyingi hukupa fedha zaidi vikiuzwa pembeni kuliko vikiingizwa kwenye bei moja. Mimi niliuza masanduku yangu kwa mwenye pikipiki nyingine kabisa, aliyekuwa akiyatafuta kwa muda mrefu, na pikipiki ikabaki na keria yake ili anayeinunua aamue mwenyewe.

Linalobaki ni lile kundi gumu: vitu ulivyovifunga kwa ajili ya mwili wako na ladha yako. Siti iliyochongwa ikulingane, usukani ulioinuliwa, ekzosi yenye mlio mkubwa, na vyuma vilivyobadilishwa kwenye shokapu ya nyuma ili pikipiki ishuke, vyote hivi ni bora virudishwe katika hali ya asili. Chukua mfano wa kushusha pikipiki. V-Strom 650 ya mwaka 2012, kama yangu, ina siti yenye kimo cha milimita 835, na mtu mfupi ana sababu nzuri ya kuipunguza. Lakini ikishushwa nyuma peke yake, stendi ya pembeni inabaki ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki inasimama karibu wima, na upepo au mteremko mdogo unatosha kuiangusha. Vilevile uwazi kati ya injini na ardhi unapungua, jambo ambalo mnunuzi hataligundua mpaka agonge jiwe. Usipoweza kuvirudisha vyuma vya asili, basi liandike jambo hilo kwenye tangazo, tena mwanzoni.

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayaonekani kwa macho na kwa hiyo yanahitaji uaminifu zaidi. Ekzosi iliyobadilishwa huenda iliambatana na kubadilishwa kwa programu inayosimamia mafuta ya injini. Ukirudisha ekzosi ya asili na kuiacha programu mpya, injini inaweza kufanya kazi kwa mchanganyiko usioifaa, kwa hiyo virudishwe vyote viwili au vielezwe vyote viwili. Sproketi nazo zina habari zake. Katika pikipiki zinazopima mwendo kutoka kwenye giaboksi, sproketi ya mbele iliyo ndogo kuliko ya asili huifanya spidomita isome mwendo mkubwa kuliko uhalisia, na kilomita zinazohesabiwa huwa nyingi kuliko zilizotembewa. Mnunuzi mjuzi atahesabu meno ya sproketi, na ni afadhali hesabu hiyo aikute tayari kwenye karatasi yako.

Sasa nije kwenye nyaya, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wengi hupoteza wanunuzi. Mnunuzi wa kwanza aliyekuja kuiona ile pikipiki yangu ya awali alikuwa mtu mkimya. Aliizunguka mara mbili, akawasha taa za nyongeza, akazima, kisha akaomba ufunguo na kufungua siti. Chini yake palikuwa na waya mwekundu uliotoka moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, ukiwa umeunganishwa na waya mwingine kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe wa plastiki wenye gundi, ambao joto lilikuwa limeulainisha mpaka ukaanza kujifungua na kuonyesha shaba. Kazi hiyo ilifanywa na gereji moja niliyoiamini, na sikuwahi kufungua siti kuikagua. Yule bwana aliirudisha siti taratibu, akanishukuru, akaondoka. Hakuzungumzia bei hata kidogo.

Fundi anayefanya kazi yake vizuri huweka fyuzi karibu kabisa na betri, hutumia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ili taa za nyongeza zizimike pamoja na swichi ya pikipiki, huunganisha nyaya kwa viunganishi vilivyobanwa na kufunikwa, na huzifunga kando ya fremu mbali na injini na mahali usukani unapogeukia. Mpe fundi wa umeme siku moja aifanye kazi hiyo upya, na mwombe apime kwa mita kama kuna umeme unaovuja wakati pikipiki imezimwa, maana hicho ndicho kinachomaliza betri za pikipiki zenye tracker (kifaa cha kufuatilia pikipiki ilipo), soketi za kuchajia simu na vishikio vya usukani vinavyopasha mikono joto. Kisha chora kwenye karatasi mchoro mdogo unaoonyesha kila fyuzi inalinda nini. Mchoro wangu wa V-Strom ulikuwa wa kalamu ya kawaida kwenye karatasi ya daftari, na mnunuzi aliukunja akautia kwenye pochi yake kabla hata hatujaanza kupatana.

Ondoa masanduku na uikague fremu ya nyuma kwa tochi, hasa pale keria inapofungwa, kwani mzigo mzito kwenye barabara ya vumbi huanzisha nyufa mahali hapo. Kagua pia boliti za vyuma vya kinga, ambavyo katika pikipiki nyingi hufungwa kwenye sehemu zinazoshikilia injini. Boliti iliyokatika au uzi uliolika ushughulikiwe na fundi sasa. Mikwaruzo kwenye vyuma hivyo usiipake rangi kuificha. Kama pikipiki ilianguka ikiwa imesimama, sema hivyo, na kama ilianguka barabarani, sema ilikuwa wapi na nini kilibadilishwa. Kumbukumbu za matengenezo ziwe pamoja: oili, maji ya breki, mnyororo, na zaidi ya yote ukaguzi wa vali, ambao kwa V-Strom 650 hufanyika kila kilomita 24,000 na ambao wamiliki wengi huuruka kwa sababu ni kazi ndefu. Kama umefanyika na una risiti, hilo lina thamani kuliko taa zote za nyongeza.

Kuhusu bei, anza na pikipiki ya aina hiyo, ya mwaka huo na ya kilomita hizo, ikiwa haina kifaa chochote, kisha ongeza kidogo kwa vile vichache ambavyo mnunuzi angevinunua mwenyewe. Ukiwa ulitumia, tuseme, shilingi milioni 4 kuifunga vifaa, usitegemee milioni 4 irudi. Sehemu kubwa ya fedha hiyo umekwisha kuitumia njiani, na hapo haikupotea. Weka bei yenye nafasi ndogo ya mazungumzo, kwa kuwa kila anayepiga simu atauliza mwisho ni ngapi, na usiipunguze kwa simu kwa mtu ambaye hajaiona pikipiki.

Tangazo lianze na aina, mwaka, kilomita, idadi ya wamiliki na hali ya kadi ya usajili, ndipo vifuate vifaa na kasoro. Piga picha asubuhi au jioni, pande zote mbili bila masanduku, kisha dashibodi, mnyororo, tairi, chini ya siti na kila kasoro kwa karibu. Usiweke picha ya kadi mtandaoni. Ukimtumia dalali, patana naye mapema kuhusu asilimia yake na uandike, ili asiongeze cha juu bila wewe kujua.

Mnunuzi anapokuja, aikute injini ya baridi. Pikipiki iliyokwisha kupashwa moto humfanya mtu mwenye uzoefu ajiulize ni ugumu gani wa kuwaka unaofichwa. Anapotaka kuijaribu, angalia kwanza bima yako inamhusu nani, naye akuonyeshe leseni yenye daraja A, na ni busara akuachie fedha au dhamana ya maana kabla ya kuondoka. V-Strom ya aina ile ina kilo zipatazo 214 ikiwa na mafuta, bila vyuma na masanduku, na mtu aliyezoea pikipiki ya bodaboda anaweza kuiangusha akiwa getini. Mwambie mapema, kwa upole, namna ya kuishika anapogeuza polepole.

Katika karatasi usikubali njia ya mkato. Namba ya chasisi, namba ya injini na rangi vilivyomo kwenye kadi vilingane na pikipiki yenyewe, na kama uliipaka au kuibandika rangi nyingine, lirekebishe jambo hilo TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla ya kuuza. Angalia kwa namba ya usajili kama kuna faini za trafiki ambazo hazijalipwa, na uzilipe. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, ukitaja vifaa vyote vinavyokwenda na pikipiki, kimoja kimoja, pamoja na kasoro mlizozungumza. Ukurasa huo wa kasoro ndio utakaokulinda mtu akirudi baada ya miezi miwili. Wewe na mnunuzi muwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mkiwa pamoja, kwa sababu pikipiki inayoendelea kutembea kwa jina lako huendelea kukuletea faini, na ikipata ajali wa kwanza kutafutwa ni wewe. Mnunuzi akitoka Kenya, uangalifu uwe mara mbili: asivuke Namanga na pikipiki iliyo bado kwa jina lako kwa ahadi ya kukamilisha baadaye. Na kama pikipiki iliingia nchini kwa kibali cha muda cha msafiri, haiuziki mpaka kodi za forodha zilipwe, hata kama bei yake inavutia kiasi gani.

Malipo yapitie benki, mkiwa wote wawili ndani ya tawi, na uhakikishe salio kwenye akaunti yako. Ujumbe mfupi wa simu unaodai fedha zimeingia usiuchukue kuwa uthibitisho, kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo hughushiwa kila siku.

Fedha zikishathibitishwa, mkabidhi mnunuzi kadi, nakala ya mkataba, risiti, mchoro wa nyaya, funguo zote mbili na boksi la vifaa vya asili. Kama kuna tracker, ondoa akaunti yako na umsaidie kufungua yake mbele yako. Ijulishe kampuni ya bima siku hiyohiyo. Mimi na yule aliyenunua V-Strom tulikaa nusu saa nyingine kwenye kibaraza nikimwonyesha namna ya kulegeza ekseli ya nyuma na kukaza mnyororo, kisha akavaa kofia, akaiwasha, na nikamfungulia geti.