Kuzuia mimba kwa kujizuia: hesabu ya siku 12

Mimi ni nesi wa kliniki ya mama na mtoto. Swali ninaloletewa sana ni hili: "Nesi, sindano inanivuruga, vidonge nasahau. Hatuwezi kujizuia tu?" Mnaweza, ila muwe wawili kweli.

Siku damu ya hedhi inapoanza ndiyo siku ya 1. Wengi huanzia siku waliyokauka, na hesabu yote inakwenda kombo. Kuanzia siku ya 8 hadi ya 19 msikutane kabisa. Ndiyo, ni usiku 12. Yai halimalizi zaidi ya siku moja, lakini mbegu za mwanamume huweza kulisubiri hadi siku 5, nalo halitoki tarehe ileile kila mwezi.

Hii ni kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Ukitoka nje ya hapo mara mbili ndani ya mwaka, njoo tutafute njia nyingine. Aliyejifungua asubiri hedhi ya 4, na mzunguko wa mwisho uwe umetulia.

Ukipata shanga za mzunguko, yaani uzi wa shanga za rangi ambapo kila shanga ni siku moja, kazi ni nyepesi. Ziko 32. Hedhi ikianza, weka pete ya mpira kwenye nyekundu, kisha kila asubuhi isogeze moja. Ikifika kwenye nyeupe, ni siku za hatari. Mimi husisitiza baba ndiye asogeze. Zikining'inia msumarini karibu na kitanda na yeye ndiye mhesabuji, hakuna kubembelezana wala kununiana usiku: kaziona mwenyewe.

Mwenye mume dereva wa masafa, anayerudi nyumbani mara moja moja, simdanganyi. Pete haijui ratiba ya lori. Weka kondomu kwa zile nyeupe. VVU nayo haizuiwi na shanga.

Wanawake 100 wakifuata bila kukosea, kama 5 hushika mimba kwa mwaka. Tukihesabu na wanaoteleza, kama 12. Mkiteleza, wahi vidonge vya dharura, vikimezwa mapema ndivyo vinavyofanya kazi vizuri, hasa ndani ya saa 72, na usivuke siku 5.

Hedhi ikianza kabla shanga hazijaisha, rudisha pete kwenye nyekundu. Shanga zikiisha na damu haijaonekana, njoo na mkojo wa asubuhi tupime.