Kuliokoa Jambia la Ukoo Lililoliwa na Kutu

Ukilisugua jambia la zamani kwa msasa leo likang'aa, masika yajayo litakuwa jekundu tena. Kutu ya Mombasa haishi kwa kusuguliwa, kwa sababu pamoja nayo imeingia chumvi. Upepo hubeba chumvi ya bahari hadi ndani ya kabati. Chumvi hiyo hutua juu ya chuma, hunyonya unyevu wa hewani hata siku ambayo hakuna mvua, na kuiendeleza kutu chini kabisa ya vishimo, mahali ambapo msasa haufiki. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kutoa kutu, kisha kutoa chumvi. Wengi huishia ya kwanza.

Tunazungumzia jambia lenye bapa la chuma, mpini wa pembe au mti, na ala ya mti iliyovikwa ngozi au fedha, liwe la Kihadhrami au la Kiomani. Kama kasha lililotoa jambia limetoa na bastola, hiyo iacheni ilipo, msiitie mafuta wala bisibisi, na wajulisheni polisi: Kenya silaha ya moto haikai nyumbani bila cheti, hata kama imeganda kwa kutu.

Anza na mpini, si bapa. Piga picha pande zote mbili, kisha utazame mpini kwa kioo cha kukuzia. Pembe ya ng'ombe au nyati ina matabaka, na ikizeeka huchambuka kama magamba. Pembe ya kifaru haina matabaka. Utaona nyuzi nyembamba zilizoshikana, na kwenye kingo mwanga hupenya kwa rangi ya asali. Pembe ya ndovu huonyesha mistari inayokatana pale ilipokatwa. Usijaribu kwa sindano ya moto kama wanavyofanya baadhi ya wauzaji. Utaacha alama isiyofutika. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipiga marufuku biashara ya pembe ya kifaru baina ya nchi tangu 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 inataka kibali kwa mtu yeyote mwenye sehemu ya mnyama kama huyo. Kwamba mpini ulikuwa wa marehemu babu hakuondoi haja ya kibali, basi zungumza na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kulipeleka jambia kwa fundi yeyote. Na kama lina umri mkubwa zaidi, Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Kulipeleka kwa jamaa wa Maskati au Mukalla bila kibali ni kosa.

Jambia lililokwama ndani ya ala

Hapa ndipo majambia mengi huvunjika. Mtu hushika mpini, huvuta kwa nguvu, na mpini hung'oka peke yake. Mkia wa bapa kwa kawaida umezamishwa ndani ya mpini kwa ulimbo ulioyeyushwa, na ulimbo wa miaka sitini ni mkavu kama biskuti.

Mara nyingi kinacholishika bapa ni mti wa ala uliovimba kwa unyevu. Litie jambia zima ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, pamoja na gramu 200 za silika jeli kavu (zile chembe zinazonyonya unyevu), uliache wiki moja. Mti utasinyaa taratibu. Kisha chukua bomba la sindano, dondosha matone matano au sita ya mafuta ya cherehani mdomoni mwa ala, juu ya chuma tu, uache usiku kucha. Asubuhi shika mdomo wa ala kwa mkono mmoja na shina la mpini kwa mwingine, uvute ukifuata mpindo wa bapa, si moja kwa moja. Likisogea milimita mbili, lirudishe, halafu vuta tena. Likigoma, rudi kwenye silika wiki nyingine. Mafuta ya taa yasimiminwe ndani ya ala: ngozi huyanywa na doa lake halitoki.

Likitoka, usishtuke kuona bapa ni fupi kuliko ala. Halikukatika. Ule mkia wa ala uliopinda kwenda juu ni pambo, na bapa halifiki huko.

Kutoa kutu

Kutu nyekundu au ya chungwa inayotoka unga ndiyo adui. Ile nyeusi, ngumu, iliyolala sawasawa juu ya chuma ni ngao, iacheni. Anayeikwangua ili bapa liwe jeupe anaondoa umri wa jambia na kuacha chuma uchi. Ukiona mawimbi au michirizi ndani ya chuma chenyewe, simama kabisa: huenda bapa lilifuliwa kwa chuma cha mawimbi, na msasa utaifuta sura hiyo. Hilo ni la kuonyeshwa mtaalamu. Ngome ya Yesu, hapa Mombasa, kuna maabara ya uhifadhi, iliyoshughulikia hata vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697.

Kwa bapa la kawaida, funga mpini kwa plastiki hadi shingoni na ukaze kwa utepe. Lowesha kitambaa cha pamba kwa mafuta ya taa, kizungushe kwenye bapa, fungia plastiki juu, uache saa 24 mbali na jiko. Kutu italegea. Kwangua vipele kwa kipande cha shaba au ukingo wa mwanzi ulionolewa; vyote viwili ni laini kuliko chuma na havikwaruzi. Malizia kwa sufi ya chuma namba 0000, ile laini kabisa, yenye mafuta ya cherehani, ukisugua kwa urefu kutoka shingoni hadi nchani. Kusugua kwa duara huacha alama zinazoonekana hata na asiyejua kitu. Sufi ya kusugulia sufuria ni kali mno, na brashi ya waya ya grenda ni maangamizi. Uti wa katikati unataka subira: kutu hujificha pembeni mwake, itoe kwa kijiti cha meno. Vishimo vitabaki. Kuvifuta ni kulipunguza bapa zima hadi kina cha kishimo kirefu kuliko vyote, na hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Ndimu na chumvi, dawa ya sinia za shaba katika kila nyumba, isikaribie chuma hiki. Ndimu hula chuma na kukiacha na rangi ya jivu, na chumvi ndiyo hiyohiyo tunayoikimbia. Siki ni vivyo hivyo.

Kutoa chumvi

Ishara ya chumvi ni vitone vidogo vya maji ya chungwa vinavyotokea juu ya chuma ulichokwisha kukisafisha. Usivipanguse na kuendelea na mambo mengine.

Unahitaji maji yasiyo na chumvi, na hapo maji ya kisima cha Mombasa hayafai hata kidogo. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha petroli, lakini soma chupa vizuri: maji yaliyochujwa kwa mvuke na asidi ya betri huuzwa rafu moja, wakati mwingine kwa chupa zinazofanana. Magadi ya kupikia maharage nayo tusiyatumie, kwa kuwa yakitoka ziwani huja na chumvi yake. Tengeneza magadi safi nyumbani. Tandaza gramu 80 za bikaboneti ya kuokea (ile tupu, si hamira wala unga mchanganyiko wa keki) kwenye trei, uitie ndani ya oveni kwa nyuzi 200 kwa saa moja. Pima tena. Ikifika gramu 50 au karibu na hapo, imeiva: maji na hewa vimetoka, yamebaki magadi makali. Ikiwa bado 60, irudishe. Yakoroge katika lita moja ya maji ya betri, ukiwa na glavu, kwa maana yanababua.

Tafuta jagi refu la plastiki. Paka shingo ya mpini mafuta mazito ya vaselini, juu ya plastiki ile uliyoifunga. Kabla ya kuzamisha, futa mafuta yote kwenye bapa kwa spiriti, la sivyo maji hayatagusa chuma. Zamisha bapa ncha ikiwa chini, na maji yaishie sentimita moja chini ya mpini: magadi huyeyusha pembe na kuharibu ngozi. Ile sentimita iliyobaki isafishe kwa pamba ya kijiti iliyochovywa ndani ya maji hayohayo. Badilisha maji hayo ya magadi kwa mapya kila baada ya saa 24, mara nne. Magadi huilegeza chumvi huku yakikizuia chuma kisishike kutu mpya ndani ya maji; ukitumia maji matupu peke yake, utalikuta jekundu asubuhi.

Mwishoni suuza kwa maji ya betri matupu, panguza mara moja, pitisha spiriti, kausha kwa mashine ya nywele kwenye joto la chini. Sasa usilipake chochote. Liweke wiki moja kwenye boksi kavu lenye silika. Vitone vya chungwa vikirudi, rudia magadi. Visiporudi, endelea.

Mpini, fedha na ngozi

Mpini ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu mdogo sana, kisha nta: gramu 30 za nta ya nyuki iliyokunwa ndani ya mililita 90 za tapentaini, kwenye chupa iliyofungwa. Itayeyuka yenyewe kwa siku moja au mbili, hakuna haja ya moto. Mpini unaocheza usiguswe kwa gundi ya dakika tano. Gundi hiyo haifunguki tena, na fundi atakayekuja baadaye atalazimika kuvunja pembe. Sonara anayejua kazi za fedha za zamani ataujaza ulimbo upya.

Fedha isafishwe kwa unga wa chaki laini na tone la spiriti, kwa pamba ya kijiti, kwenye sehemu zilizoinuka tu. Weusi uliomo ndani ya nakshi ndio unaozifanya zionekane. Ukiutoa, ala itakuwa kama bati. Dawa ya meno hukwaruza. Utando wa kijani pale shaba inapogusana na ngozi hutolewa kwa kijiti cha mti.

Ngozi inayoacha unga mwekundu vidoleni imekufa. Brashi laini kavu, basi. Maji au rangi ya viatu vitaifanya nyeusi na ngumu. Mshipi wa zari haufuliwi.

Vumbi kama unga wa ngano chini ya ala ni la wadudu. Funga ala peke yake kwa kitambaa na plastiki, itie friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache itoke ubaridi saa 24 kabla ya kufungua plastiki, ili umande uwe nje na si juu ya mti.

Kuweka

Kwa bapa, utando mwembamba wa vaselini isiyo na manukato unashinda vyote kwa hali ya hewa yetu. Mafuta ya nazi huchacha, ya simsim hugandamana, na yale ya kopo la kupuliza hukauka kabla ya mwezi kuisha. Bapa lisirudishwe ndani ya ala. Ngozi na mti hutoa asidi na kushika unyevu, na ndimo kutu ilimoanzia. Viweke kandokando katika boksi la plastiki linalofungika, vikiwa vimefungwa kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila wanga, na silika gramu 200 kwa boksi la lita 10. Mchele hauwezi kazi hiyo, na utakuletea fukusi. Silika ikilowa, ikaushe kwa oveni ya nyuzi 110 kwa saa mbili. Fungua boksi kabla ya masika na baada yake, ushike bapa kwa glavu, maana jasho la kidole nalo ni chumvi. Panguza vaselini ya zamani uangalie pembeni mwa uti na shingoni, kwa sababu huko ndiko kutu hurudi mwanzo.