Somo: Frizia za kipupwe kwenye ndoo, hapa hapa Dodoma

Mbukwenyi wapendwa. Wengi mmeniuliza yale maua yanayonukia barazani kwangu mwezi wa saba nayatoa wapi, na bustani zote zimekauka. Ni frizia, asili yake Cape, Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na miezi ya joto huwa mikavu. Ndiyo maana tunguu lake, lile kama kitunguu kidogo linalopandwa, huamka kipupwe na kulala miezi ya joto, na kwetu mvua hunyesha humo humo, Desemba hadi Aprili. Hapo ndipo wengi hukosea.

Chukua ndoo ya lita 10, hata iliyopasuka. Itoboe matundu sita chini kwa msumari wa moto, uiinue juu ya vipande vya tofali. Changanya mchanga wa korongoni kopo mbili, udongo mwekundu kopo moja, na samadi ya mbuzi iliyooza nusu kopo. Samadi mbichi itaunguza.

Panda katikati ya Mei, usiku ukianza kupoa. Joto likizidi, frizia haitungi maua. Usiku wetu wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14 na inatosha. Matunguu 8 hadi 10 kwa ndoo, ncha juu, kina sentimita 5. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha kidogo kidogo hadi majani yachomoze, yamepangana bapa kama kipepeo cha jiko. Maua huja baada ya wiki 10 hadi 12, pengine zaidi.

Weka penye jua la asubuhi, ukuta ukinge upepo. Upepo wa Julai hapa hauna adabu, na vikonyo ni laini: chomeka mabua membamba ya uwele, funga kwa uzi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole. Kikitoka na unyevu, acha. Maji ya kisima yakiwa na chumvi utaona ukoko mweupe ukingoni mwa ndoo. Mwaga maji mengi kwa mkupuo yaisafishe.

Majani yakigeuka njano, sitisha maji, usiyakate. Yakikauka, ng'oa matunguu, weka kikapuni juu ya kabati. Mwaka wa kwanza niliacha ndoo nje. Machi nilipochimba nilishika kitu kama uji, kinanuka.

MASWALI (mwanzoni ni mahali anapotoka muulizaji)

Kisasa: Dada, niliambiwa yakae kwanza kwenye friji?
— Hiyo ni tulipu, mdogo wangu. Frizia hutaka joto ndipo usingizi uishe. Oktoba na Novemba za Dodoma zinaifanya kazi hiyo bure.

Mpwapwa: Shikamoo mama. Na lile ua la porini, mpira mwekundu unaotoka mvua za kwanza?
— Marahaba mwanangu. Hilo ni kinyume: hulala kiangazi, huamka na mvua. Lipande, ila tunguu lake lina sumu. Mbuzi na watoto wasilifikie.

Nkuhungu: Mama, yangu majani tu, maua hakuna. Ndoo iko sebuleni.
— Sebuleni usiku kuna joto na mchana mwanga ni haba. Itoe barazani leo, ila maua ya mwaka huu usiyategemee sana. Endelea kuimwagilia mpaka majani yakauke yenyewe.