Bibi, angalia salio kwanza

Mimi ni wakala wa pesa hapa Mwanjelwa, Mbeya. Juzi bibi mmoja muuza viazi kutoka Uyole alinijia mbio, khanga inaburuzika: "Mwanangu, nimrudishie huyu kijana laki na nusu yake, kanitumia kimakosa."

Nikaomba simu. Ujumbe ulisema amepokea 150,000, ila ulitoka namba ya kawaida ya 07. Ujumbe wa kweli huja na jina la huduma. Tukatazama salio: 3,200, zilezile za jana.

Ukipata ujumbe wa hivyo, fungua menyu uangalie salio. Hata kama pesa imeingia kweli, usirudishe mwenyewe. Mtumaji apige huduma kwa wateja. Anayekuharakisha, mkatie simu. Namba ya siri usinitajie hata mimi. Ibonyeze ukinipa kisogo, sikasiriki.

Zile za "ile pesa tuma kwenye namba hii" ziripoti kwa kuzituma kwenda namba 15040. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Bibi alikuta nne. Yeye ana moja.